Apple Health kwa Wafanyakazi Wenye Ulemavu, Jimbo la Washington: Tathmini ya Mtumiaji

Katika miaka yangu ya kuishi Kent, kusini mwa Seattle, ushauri niliopewa mara nyingi kuliko mwingine wowote ulikuwa wa kunizuia nisifanye kazi, na ulitoka kwa watu wanipendao. Shangazi yangu, ambaye kama Waafrika Mashariki wengi wa huku hujipatia riziki kwa kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani, alinipigia simu siku niliyoahidiwa ajira ya kudumu katika ofisi ya ghala moja la mizigo, akaniambia, "Mwanangu, saa ishirini kwa wiki zinakutosha. Ukizidisha, watakunyang'anya kadi, na bila kadi nani atakutoa kitandani asubuhi?" Nilimjibu, "Nimekusikia, shangazi," tukaagana, lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu alikuwa akisema jambo alilolishuhudia kwa macho yake katika nyumba za wagonjwa wake.

Kadi aliyoitaja ni ya Medicaid, bima ya afya ya umma kwa watu wenye kipato kidogo, ambayo katika jimbo la Washington huitwa Apple Health. (Jina hilo halihusiani na kampuni ya simu, hili ni jimbo la matufaha, basi.) Mimi hutumia kiti cha magurudumu tangu nilipovunjika uti wa mgongo katika ajali ya barabarani, na ili nifike kazini saa mbili asubuhi nahitaji msaidizi wa kunihamisha kutoka kitandani, kuniogesha na kunivisha. Bima ya mwajiri hulipia daktari, dawa na hospitali, lakini msaidizi wa kila siku nyumbani hailipii. Hapo ndipo mfanyakazi mwenye ulemavu hukwama: kazi inampa mshahara na bima, halafu mshahara huohuo unamwondolea ile huduma moja inayomwezesha kufika kazini.

Ninachokitathmini hapa ni mpango uliobuniwa kwa ajili ya mkwamo huo, yaani Apple Health kwa wafanyakazi wenye ulemavu, ambao maofisa na watumiaji wote huuita kwa herufi zake tatu, HWD. Nimekuwa ndani yake kwa zaidi ya miaka mitatu. Nitasema mapema kwamba nauona kuwa miongoni mwa huduma bora kabisa nilizowahi kupata kutoka serikalini, popote nilipoishi, na kwamba mlango wake umewekwa mahali ambapo wengi wanaouhitaji hupita bila kuuona.

Chimbuko lake si la Washington. Massachusetts ilianzisha mpango wake wa CommonHealth mwaka 1988. Mwaka 1997 Bunge la Marekani liliyaruhusu majimbo yote kuwauzia Medicaid wafanyakazi wenye ulemavu ambao kipato chao hakizidi asilimia 250 ya mstari wa umaskini. Na tarehe 17 Desemba 1999 Rais Clinton alitia saini sheria ya Ticket to Work, iliyoyapa majimbo uhuru wa kupandisha kikomo hicho au hata kukiondoa. Washington iliingia Januari 2002. Yapo majimbo, Texas ikiwa mojawapo, ambayo mipango yao huishia kwenye ile asilimia 250, hivyo mtu akipandishwa cheo mara mbili anajikuta nje. Washington ilichukua njia nyingine: kufuatia sheria iliyopitishwa na bunge la jimbo mwaka 2019, tangu tarehe 1 Januari 2020 mpango huu hauna kikomo cha kipato wala ukomo wa juu wa umri. Anayetimiza miaka 16 anaweza kuingia, na mwenye miaka 70 anayeendelea kufanya kazi hafukuzwi kwa sababu ya uzee wake.

Hakuna pia kikomo cha mali, na hili nataka kulikalia kidogo, kwa sababu kwa mtu aliyezoea mipango mingine ya walemavu ni jambo la kushangaza. Katika SSI, ambayo ni ruzuku ya serikali kuu kwa wazee na walemavu maskini, mtu asiye na mwenzi haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, na kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1989. Dola 2,000 hapa Kent haziwezi kulipa kodi ya nyumba ya miezi miwili. Mtu anayeishi chini ya kanuni hiyo hujifunza kutumia kila anachopata, kukataa zawadi za ndugu, na kuogopa barua ya benki kama wengine wanavyoogopa barua ya mahakama. Chini ya HWD niliweka akiba ya gari lenye lifti ya kiti cha magurudumu kwa miezi ishirini na miwili mfululizo, na hakuna ofisa aliyeniuliza fedha zile zilikuwa za nini.

Masharti ya kuingia ni mawili makubwa, ukiacha yale ya ukaazi. La kwanza ni ulemavu unaokidhi vigezo vya serikali kuu. Kama Idara ya Hifadhi ya Jamii imeshamtambua mwombaji, jambo limekwisha. Kama bado, jimbo lina kitengo chake cha uamuzi ambacho hukusanya taarifa za matibabu na kutoa hukumu. Hapa kuna tofauti ambayo watu wengi hawaijui, na ndiyo inayoufanya mpango mzima uwezekane. Hifadhi ya Jamii, inapoamua maombi ya mafao, humhesabu mtu asiye kipofu anayepata zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi, kwa kiwango cha mwaka 2025, kuwa anaweza kujitegemea, na hivyo si mlemavu mbele ya sheria hata kama hana miguu. HWD hutumia vigezo vilevile vya kitabibu lakini huliacha kando swali la mshahara. Sharti la pili ni kazi: mtu awe ameajiriwa au amejiajiri, na kipato hicho kiwe kinakatwa kodi inavyotakiwa. Hakuna idadi ya saa iliyowekwa. Anayeshona nguo nyumbani siku mbili kwa wiki na kuziuza kwa vitabu vya hesabu vilivyo wazi anastahili sawa na mhandisi.

Sasa bei. Kila mwezi mtumiaji hulipa ada, na hesabu yake ni hii: asilimia 2.5 ya mshahara baada ya kuondoa dola 65 za kwanza. Kisha asilimia 5 ya kipato chote kisichotokana na kazi, kama vile mafao ya ulemavu. Kisha nusu ya sehemu ya kipato hicho kisicho cha kazi inayozidi kiwango fulani, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 967. Jumla hiyo haiwezi kuvuka asilimia 7.5 ya kipato chote. Kwangu mimi, niliyekuwa nikipata dola 3,100 kwa mwezi bila mafao yoyote, ada ilikuwa dola 75. Kwa dola 75 nilipata daktari, dawa, hospitali, meno, usafiri wa kwenda kliniki, na msaidizi wa nyumbani ambaye gharama yake, kama ningemlipa kutoka mfukoni, ingemeza mshahara wangu wote.

Kwa kuwa mimi ni Mkenya, sikuweza kuacha kulinganisha. Nyumbani, tangu Oktoba 2024, kila mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake ghafi kwa ajili ya Bima ya Afya ya Jamii, awe mzima au mlemavu, na hakuna kilele. Mwenye ulemavu aliyesajiliwa anaweza kusamehewa kodi ya mapato hadi shilingi 150,000 kwa mwezi, na msamaha huo ni wa thamani kweli. Kwa hiyo kiwango cha makato ni karibu sawa pande zote mbili za bahari. Tofauti iko katika kile unachokipata ukishakatwa, na hasa katika yule mtu anayegonga mlango saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mombasa kazi hiyo hufanywa na mama, dada au mke, bila malipo na bila likizo, na ndiyo maana mlemavu anayeajiriwa kule mara nyingi huwa ameajiri familia nzima pamoja naye.

Hata hivyo, bei ya HWD si rafiki kwa kila mtu, na hapa sifa zangu zinapungua. Chukua mfano wa mama anayepokea dola 1,200 za mafao ya ulemavu na kufanya kazi ya muda inayomlipa dola 800. Ukipiga hesabu utapata dola 18 na senti kutoka kwenye mshahara, dola 60 kutoka kwenye asilimia 5 ya mafao, na zaidi ya dola 116 kutoka kwenye ile nusu. Jumla inafika karibu dola 195, kisha kilele cha asilimia 7.5 kinaishusha hadi dola 150. Mama huyu ana jumla ya dola 2,000, analipa mara mbili ya nilichokuwa nikilipa mimi mwenye dola 3,100. Kanuni imetungwa kwa makusudi ili mshahara utozwe kidogo na mafao yatozwe sana, kwa hoja kwamba kazi ndiyo inayotakiwa kutuzwa. Naielewa hoja hiyo, lakini mafao ya ulemavu ya mtu aliyefanya kazi miaka ishirini kabla ya kuugua nayo ni jasho lake, na aliyepunguza saa kwa sababu mwili umemkatalia hakuchagua kuwa na mafao makubwa kuliko mshahara.

Katika hesabu hiyo yote, kipato cha mume au mke hakiguswi. HWD huhesabu fedha za mtumiaji peke yake. Msomaji ambaye hajawahi kuishi kwa kadi ya Medicaid hataona uzito wa sentensi hiyo, basi nieleze. Kadi yangu ya zamani, ile ya watu wazima wa kipato kidogo, ilikuwa na kikomo cha asilimia 138 ya mstari wa umaskini, ambayo kwa mtu mmoja mwaka 2025 ni takriban dola 1,800 kwa mwezi, na mtu akioa, kipato cha mwenzi wake kinaingizwa kwenye kapu hilo. Mchumba wangu ni muuguzi. Tuliahirisha harusi mara mbili, na kila mara wazee wa pande zote walipouliza kulikoni, tulitafuta sababu nyingine, kwa kuwa hakuna namna ya heshima ya kumwambia baba mkwe kwamba unamsubiri ofisa wa bima. Tulifunga ndoa mwezi wa tatu baada ya barua ya HWD kufika.

Kuhusu huduma zenyewe nitasema machache, kwa sababu hazitofautiani sana na Apple Health ya kawaida, nayo inajulikana. Msaidizi wa nyumbani hupatikana baada ya tathmini ya kina ya mahitaji ya mwili, na mtumiaji wa HWD anayeishi kwake halipi mchango mwingine kwa huduma hiyo zaidi ya ada yake ya mwezi. Kiti cha magurudumu kinalipiwa, lakini kwa kibali kinachotangulia, na kibali kinataka barua za daktari na mtaalamu wa viungo. Meno ya watu wazima yanatibiwa tangu yaliporudishwa mwaka 2014. Macho yanapimwa, lakini miwani ya mtu mzima hailipiwi, jambo ambalo sijalipatia maelezo yanayoniridhisha: bima inayogharimia kukuambia kwamba huoni vizuri, kisha inakuacha hapohapo. Mwenye bima ya kazini hazuiwi kuingia. Bima ya mwajiri hulipa kwanza, na Apple Health hufuata nyuma kujaza mapengo. Lugha si kikwazo ukijua haki yako, kwa maana mkalimani wa Kiswahili hutolewa bila malipo katika ofisi na kliniki, na ninawashauri wazee wetu wasikubali kutumia watoto wao kutafsiri mambo ya mwili.

Sasa niuzungumzie ule mlango. Watu wengi wa Washington hutafuta bima kupitia tovuti ya Healthplanfinder, na ni njia nzuri kwa familia nyingi. Uamuzi wa HWD, hata hivyo, haufanyiki huko. Maombi yanashughulikiwa na idara ya huduma za jamii na afya ya jimbo, DSHS, kupitia tovuti nyingine iitwayo Washington Connection, au kwa fomu ya karatasi yenye namba HCA 18-005. Nilipopata kazi, mtu aliyejitolea kunisaidia katika kituo kimoja cha jamii, kwa nia njema kabisa, aliingiza mshahara wangu mpya kwenye mlango wa kawaida, akaona umezidi, akanionyesha orodha ya bima za kununua. Hakuwa amewahi kulisikia jina la HWD. Nilipoteza karibu miezi miwili kabla ya mwenzangu mmoja wa kwenye mazoezi ya viungo, Mmarekani mwenye umri wa babu yangu, kuniandikia herufi tatu kwenye kipande cha karatasi na kuniambia nizitaje hizo na si kitu kingine. Mpango wa zaidi ya miaka ishirini haupaswi kutegemea vipande vya karatasi.

Kilichoniokoa ni kwamba HWD inaweza kurudi nyuma hadi miezi mitatu kabla ya mwezi wa maombi, mradi mtu alipe ada za miezi hiyo. Nililipa, na bili zilizokuwa zimelundikana zikafutika. Kuanzia Januari 2027, kwa mujibu wa sheria ya serikali kuu iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025, muda huo unafupishwa kuwa miezi miwili kwa makundi kama letu, kwa hiyo atakayechelewa atakuwa na nafasi finyu kuliko niliyokuwa nayo. Uamuzi wenyewe, kwa anayehitaji kuthibitishwa ulemavu upya, unaruhusiwa na kanuni za serikali kuu kuchukua hadi siku 90, na hizo ni siku nyingi kwa mtu ambaye tayari ameanza kazi.

Sheria hiyo ya 2025 ina mambo mawili mengine ambayo wasomaji wa Kiswahili wa jimbo hili wanapaswa kuyapima kabla ya kuamua. La kwanza linawahusu ndugu zetu wakimbizi, hasa Wakongomani, ambao ni wengi hapa Kent na Tukwila. Hadi sasa mkimbizi ameruhusiwa kuingia Medicaid bila kusubiri. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, ruzuku ya serikali kuu haitamhusu mtu mwenye hadhi ya ukimbizi peke yake, ila mpaka awe mkaazi wa kudumu. Aliyetoka kwenye ukimbizi na kupata ukaazi hana miaka mitano ya kungoja. Walioingia kwa bahati nasibu ya viza, kama Wakenya na Watanzania wengi, wao hufungwa na sheria ya 1996 inayotaka miaka mitano tangu wapate ukaazi. Kwa hiyo mkimbizi mwenye ulemavu ambaye ametimiza mwaka mmoja nchini na bado hajapeleka maombi ya ukaazi asiliweke jambo hilo hadi kesho.

La pili ni sharti la saa 80 za kazi kwa mwezi, linaloanza kabla ya mwisho wa siku ya kwanza ya Januari 2027 kwa watu wazima wa kundi la asilimia 138. Wenye ulemavu wamesamehewa, lakini msamaha unapaswa kuthibitishwa. HWD ni kundi tofauti na haimo katika sharti hilo. Inawezekana, basi, kwamba mtu anayefanya kazi saa chache na aliye katika kundi lile la kwanza akaona heri alipe ada ndogo huku kuliko kuthibitisha hali yake huko kila mara. Ni hesabu ya kila mtu na mwili wake. Mwenye SSI, kwa upande wake, aulize kwanza juu ya kifungu cha 1619(b), ambacho humwachia Medicaid bila ada hata mshahara unapomwondolea ile ruzuku, hadi kiwango fulani cha mapato. Kumpeleka mtu wa namna hiyo moja kwa moja HWD ni kumlipisha asichopaswa kulipa.

Ada zinadaiwa kwa barua ya kila mwezi kutoka ofisi ya urejeshaji fedha ya DSHS, jina ambalo linamfanya mtu ajione mdaiwa sugu kabla hajafungua bahasha. Asiyelipa kwa miezi minne mfululizo hutolewa, na hawezi kurudi kabla ya kumaliza deni. Upande wa pili, aliyepoteza kazi bila hiari yake, au aliyelazwa, anaweza kubaki hadi mwisho wa miezi kumi na miwili ya kibali chake, mradi aendelee kulipa na awe na nia ya kurudi kazini. Kifungu hicho nilikitumia. Mwaka jana kidonda cha kukaa kilinilaza wiki saba, na katika wiki zote hizo hakuna aliyenitaka nichague kati ya kupona na kubaki na kadi.

Shangazi amestaafu sasa, lakini bado anapiga simu kila Jumapili. Wiki iliyopita alinipigia kwa ajili ya kijana mmoja wa Federal Way, mwenye ugonjwa wa selimundu, aliyepata kazi katika duka la dawa na ambaye mama yake anamkataza kuipokea. "Zile herufi zako," akaniuliza, "zinaanza na nini?" Nilimtajia taratibu, naye akaziandika, akanisomea tena ili tuhakikishe, kisha akaomba na namba ya fomu.